Ciku Alipomeza Kahawa

Ciku wa Gachanja ameonja kahawa hapa Thika miaka kumi na tisa, na kazini hajawahi kumeza hata kijiko kimoja. Muonjaji huvuta kwa kelele, huzungusha mdomoni, hutema kwenye ndoo. Ukimeza kila kikombe, kufikia saa nne moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka.

Basi mwezi wa tatu homa ikampiga kule kwake Murera, ikaondoka na pua yake yote. Ai! Maziwa yaliungua jikoni yeye kasimama hapo hapo, asinuse lolote. Kazini akaficha. Ngigi, muonjaji mwenzake, akikunja uso, Ciku naye anakunja. Aliogopa mpaka chakula hakishuki, maana pua hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Jumapili moja mpwa wake Kui, anayesomea biolojia na anayemwita Tata, yaani shangazi, akamtembelea. "Tata, ulijua vile vipokezi vya harufu vya puani viko pia kwa mapafu, kwa utumbo, hata kwa ngozi?"

"Kwa tumbo? Haki?"

"Haki. Lakini havikuletei harufu, Tata. Vinafanya kazi zao tu kimyakimya."

Hilo la pili, wacha tu, halikuingia. Mama wa watu alishasikia alichotaka.

Jumanne ikawa siku ya kupimwa waonjaji, mmoja mmoja. Zacharia, mkubwa wao, akapanga vikombe sita. "Kimoja kina punje zilizooza. Nionyeshe."

Ciku akavuta, akameza. Cha pili, akameza. Akashika tumbo akilisihi kimoyomoyo: sema basi, nakuomba, sema. Kwa kikombe cha nne tumbo likamgeuka. Ngai, limesema! Furaha ikampanda hadi machozi yakamlenga.

"Ni hiki."

Zacharia akakionja, akatema, akakirudia. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kilichooza kilikuwa cha kwanza, na uvundo wake ulikuwa umejaa chumba tangu kimiminiwe maji moto, hata Zacharia mwenyewe alikuwa amefungua dirisha. Akatazama ndoo ya Ciku. Ilikuwa kavu.

"Tangu lini, Ciku?" akauliza kwa sauti ya chini.

Ciku naye akaitazama ndoo.

"Tangu mwezi wa tatu," akasema. Kisha akageuka, akatazama dirisha lililo wazi. "Zacharia, kwani humu ndani kunanuka?"