Bwawa Lililosafishwa

Kama ningekuwepo siku waumini walipong'oa yale magugu, ningegombana na mtu. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na kamati ikaona aibu mgeni apite kando ya bwawa la kijijini kwetu lililojaa matete na yungiyungi. Wakaingia na mapanga, wakaondoa mpaka yale majani ya chini kabisa. Mama yangu alinipigia simu kwa furaha: bwawa linang'aa, unaona mpaka chini.

Mimi kazi yangu ni kupima maji, mjini Morogoro. Sikufurahi naye. Bwawa lile halipiti kiuno, na liko chini ya matuta ya kabichi. Mvua ikinyesha, mbolea yote huteremkia humo. Ule utelezi unaoushika kwenye shina la tete si uchafu. Ni bakteria, wamejibandika kwa wingi, na wao pamoja na tete lenyewe ndio walaji wa ile mbolea. Ukiling'oa umewafukuza, na chakula chao kimebaki kikingoja wengine.

Nilikwenda kijijini baada ya mvua kubwa. Ilikuwa alasiri, na sikusikia chura hata mmoja. Maji yalikuwa ya kijani kizito, kama rangi ya kupaka mlango. Hapakuwa na upepo, lakini ule utando wa juu ulikuwa ukisogea polepole kuja upande niliosimama. Niliogopa, mimi ninayelipwa kwa kuyajua mambo hayo.

Bata wa mama walikuwa wamelala ukingoni, shingo zimenyooka. Jirani mwenye kabichi alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Wenye bwawa wamefukuzwa, dada. Sasa wamekuja wengine."

Nilitaka kumcheka, lakini nikageuka na kushika njia ya nyumbani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, umechoka."

Akanipa chai. Niliinywa huku nikimfokea, maana hofu yangu hutoka kwa ukali: asiyaguse maji yale, asifulie, asioshee hata mchicha.

"Bomba la kutoka mlimani lilikatika mvua zilipoanza," alisema. "Lakini mimi si mtoto. Nachemsha."

Niliweka kikombe chini. Ule ukijani nao ni bakteria, wa aina nyingine; kuchemsha kunawaua, lakini sumu yao, inayoharibu ini, haiondoki kwa moto. Wakipasuka ndipo inapomwagika yote majini. Nilimtazama mama vizuri. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao, nilipoingia, nilidhani ni jua la jioni.

"Umekuwa ukinywa maji haya tangu lini, mama?"

"Tangu bomba lilipokatika. Na bata walipoanza kufa, nikawa nayachemsha muda mrefu zaidi."

Akanyanyua birika, akaniongezea.