Chuo Kilichopanda Mpaka Sifuri

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili hajashona kitu kingine ila majoho ya mahafali. Mtaa mzima unamwita Profesa. Kila joho likikamilika hulivaa mwenyewe, akasimama mlangoni pa banda, akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akamsalimia yeyote anayepita kwa sauti nzito ambayo nyumbani hana. Amevaa joho la udaktari mara nyingi kuliko madaktari wenyewe. Shule aliishia darasa la saba.

Mimi ni kaka wa mkewe, na kazi yangu pale ni kupiga pasi. Nasema mapema ili msije mkauliza nilikuwa wapi mambo yalipoharibika. Nilikuwapo, pasi mkononi, na kila alilosema niliitikia.

Bandani kwetu vyuo vikuu hatuviiti kwa majina. Tunaviita kwa rangi ya kola. Kuna Zambarau, kuna Kijani, kuna Damu ya Mzee, na kuna kimoja ambacho kola yake ina rangi tatu na kinatutesa sana, hicho tunakiita Balaa. Binti wa Profesa amekulia katikati ya kola hizo. Akiwa na miaka sita alikuwa anapanda juu ya kiti kupima mabega ya wateja, na kipimo akikitaja hakuna haja ya kurudia. Basi mtoto wa namna hiyo alipomaliza sekondari akaomba kusomea upimaji ardhi, hakuna aliyeshangaa. Alikuwa ameishiwa mabega.

Vyuo viwili vilimkubali, Zambarau na Kijani. Yeye alitaka Zambarau. Lakini kukubaliwa peke yake hakukutosha. Ilibidi mzazi atie sahihi kwenye fomu, na fomu ipelekwe ofisi ya udahili, ambayo iko ng'ambo ya barabara, mkabala na banda letu. Anayewahi ndiye anayepata. Fomu ilikaa juu ya meza ya kukatia, chini ya mkasi, ikisubiri kalamu ya Profesa.

Na Profesa hakutaka kutia sahihi mpaka ajue chuo kipi ni cha kwanza. Msimcheke haraka. Alipokuwa kijana, baba yake alimpeleka kwenye chuo cha ushonaji kilichosifiwa kuwa cha kwanza. Walipofika wakakuta chumba kimoja na cherehani moja isiyo na sindano. Mzee alipolalamika, mwenye chuo akamtoa nje, akamwonyesha barabara kwa kidole: "Ukitokea stendi, kuna chuo kingine kabla ya hiki? Hakuna. Basi hiki ndicho cha kwanza." Profesa alikaa pale mwaka mzima akijifunza kupiga stori. Kidonda hicho hakijapona.

Kwa hiyo alianza kupanga vyuo mwenyewe, kwenye daftari, kwa kigezo alichokiamini: hali ya joho linaporudishwa. Sisi tunakodisha pia. Wahitimu wa Kijani hurudisha majoho yamekunjwa vizuri, mengine yamefuliwa. Wa Zambarau wanarudisha na matope kwenye pindo na vifungo havipo.

"Kijani cha kwanza," akaandika. "Adabu ipo."

"Baba," binti akasema, "hayo matope ni kwa sababu wanashinda porini wanapima. Wa Kijani hawana matope kwa sababu hawaendi."

"Na vifungo?"

Binti akavuta kikopo cha vifungo, akaanza kushonea vipya.

Tukageukia magazeti. Gazeti moja liliiweka Zambarau nafasi ya tisa. La pili likaiweka ya thelathini na moja, siku hiyo hiyo. Kijitabu cha Zambarau wenyewe kilisema ni cha kwanza, ukisoma mpaka mwisho wa sentensi, kati ya vyuo vya upande huu wa mto vyenye bwawa la samaki. Kijani nao walijitangaza cha kwanza kwa furaha ya wanafunzi. Waliulizwa wanafunzi kumi na wawili, mmoja akiwa mtoto wa mkuu wa chuo.

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," nikasema, nikaongeza moto wa pasi.

"Unajua baba, swali ni kupima nini kwanza," binti akasema. "Wateja wakija kupimwa majoho mimi nawauliza: kile chombo cha kupimia ardhi, cha miguu mitatu, mlikuwa watu wangapi kwa kimoja? Zambarau wananiambia wanne. Kijani thelathini, na kimeharibika. Mimi nataka kushika chombo. Sitaki kuangalia migongo ya watu."

Kwa akili yangu ya leo, maneno yale yalitosha kufunga mjadala. Kwa akili yangu ya siku ile, nilimwambia Profesa kwamba mtoto bado hajui dunia.

Jumatatu asubuhi Profesa akavuka barabara kununua uzi, akarudi mbio bila uzi.

"Shemeji, njoo! Serikali imepanga vyuo!"

Kwenye ubao wa ofisi ya udahili kulikuwa na karatasi mpya yenye muhuri. Juu imeandikwa UPIMAJI ARDHI. Chini yake safu mbili: CHUO, halafu NAFASI, na baada ya neno hilo fundi friji fulani alikuwa amebandika tangazo lake kwa gundi ya kutosha kuziba mtumbwi. Tukatafuta vyetu, kimoja kimoja. Zambarau, 6. Kijani, 148. Damu ya Mzee, 260.

"Zambarau nafasi ya sita," Profesa akanong'ona. "Kijani ya mia moja arobaini na nane. Na vile wanavyofua majoho!"

Mimi nina kasoro zangu lakini maswali nauliza. "Mbona cha mia na arobaini na nane kimeandikwa juu ya cha sita?"

"Alfabeti, shemeji. Wasionekane wanaonea mtu."

"Na cha kwanza mpaka cha tano viko wapi?"

"Nchi za nje," akajibu bila kupepesa macho.

"Na hivi viwili vyenye arobaini?"

"Wamefungana."

Nikaridhika. Mtu akiwa na jibu la kila kitu, nani ataendelea kuuliza? Tukarudi bandani, Profesa akapitia kwa jirani yetu fundi viatu, ambaye kijana wake anasoma Damu ya Mzee, akampa pole. Fundi viatu akavuka kujionea mwenyewe. Akarudi, akapiga misumari kumi na mitano kwenye kisigino kimoja.

Jumanne zilibandikwa namba mpya juu ya zile za jana, karatasi yenyewe ikabaki ile ile. Zambarau, 4.

"Kinapanda!" Profesa akasema. "Usiku mmoja, nafasi mbili! Hapo watu wanafanya kazi." Kijani ilikuwa 131. "Na hiki nacho kinajitahidi, maskini."

Jioni dada yangu akamuuliza mumewe kama ametia sahihi.

"Haraka haraka haina baraka, mama watoto. Kiko cha nne. Kikifika cha kwanza nasaini kwa kalamu nyekundu."

Dada alikuwa anachambua mchele, hakusikia vizuri, au alisikia akaona ni yale yale. Miaka ishirini ya ndoa ina masikio yake.

Jumatano ikawa 2. Asubuhi ile binti aliingia bandani anahema, simu mkononi, uso umemshuka. Maneno yaliyofuata nayakumbuka moja moja, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kwa aibu.

"Baba, zimebaki mbili tu!"

"Nimeona, mwanangu. Jana zilikuwa nne. Mwendo ni mzuri."

"Mzuri?"

"Mzuri sana. Kesho ikifika moja ndiyo tutaongea."

"Na ikifika moja ikapita?"

"Ipite iende wapi?" Profesa akacheka, akanigeukia. "Eti ipite!"

Nikacheka na mimi. Binti alitutazama wote wawili, akachukua fomu kutoka chini ya mkasi, akatoka. Sikuona machozi, lakini alipita karibu na tepu yake iliyokuwa imeanguka sakafuni, hakuiokota. Yeye, tepu! Hapo ningeshtuka kama ningekuwa mtu wa kushtuka.

Alhamisi, 1. Profesa alivaa joho la udaktari, la Zambarau, akasimama mlangoni kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Wapita njia wote walihutubiwa. Nikamwambia sasa asaini. Akasema kuwa cha kwanza siku moja ni bahati tu, yeye alishaumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Kikiamka kesho kingali cha kwanza, ndipo atasaini. Fomu hakuiulizia. Aliamini bado iko chini ya mkasi.

Ijumaa tulivuka watatu, yeye akiwa bado na joho, mimi, na fundi viatu aliyetaka kuona kama Damu ya Mzee imesogea. Karani wa ofisi ndiyo kwanza anabandika namba za siku hiyo.

Zambarau, 0.

Profesa akainua mikono yote miwili na mikono ya joho ikafunguka kama mwavuli.

"Sifuri! Kimepita hata cha kwanza!"

"Kipi kimepita?" karani akauliza.

"Zambarau! Kiko nafasi ya sifuri! Kabla ya moja kuna nini? Si sifuri? Hakuna wa kukifikia!"

Karani alimtazama kuanzia kola mpaka pindo. Nadhani lile joho lilimpa wasiwasi kwamba huenda kweli anaongea na msomi. Akasogea ubaoni, akashika ncha ya tangazo la fundi friji, akalichuna polepole. Chini yake lilikuwapo neno zima, limetulia, limekuwapo tangu Jumatatu: ZILIZOBAKI.

Nafasi zilizobaki.

Fundi viatu ndiye wa kwanza kuelewa. "Kwa hiyo cha mwanangu si cha mia mbili sitini!" akapiga kelele, akamkumbatia karani asiyemjua.

Profesa alivua kofia ya joho. Nimemwona shemeji yangu akiwa amefiwa, na sura ilikuwa ile ile. Kwa siku nne alikuwa akishangilia nafasi ya mwanawe ikiyoyoma. Akavuka barabara bila kuangalia magari, joho linaburuza, mimi nyuma yake nimeshika pindo lisichafuke, maana lilikuwa la mteja.

Bandani binti alikuwa anampima mtu mabega. Dada yangu alikaa kwenye kiti changu.

"Mwanangu," Profesa akasema, "nimekuua. Nilidhani ni namba ya ubora. Nilidhani kinapanda."

Binti akashusha tepu. "Kinapanda?"

"Sita, nne, mbili, moja. Nilikuwa nasubiri kiwe cha kwanza ili nisaini."

Nilitegemea acheke, maana ni mtoto wa kucheka. Akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akaanza kulia.

"Mimi nilidhani hutaki niende," akasema. "Nilidhani unasubiri ziishe, nibaki hapa kupima mabega. Kila zikipungua unafurahi. Wewe ungeelewaje?"

Profesa alilia pia. Nasema wazi, kwa sababu yeye huwa anakana. Alilia ndani ya joho la udaktari, na mteja aliyekuwa akipimwa akabaki amenyoosha mikono pembeni, hajui kama aishushe.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," dada yangu akasema kutoka kwenye kiti. "Fomu inasema mzazi. Haikusema baba. Jumatano mchana tulikwenda, nikasaini mimi."

"Jumatano?" Profesa akafuta pua kwa kola ya zambarau. "Zilipokuwa mbili?"

"Ile iliyotoka mbili ikaja moja," binti akasema, "ilikuwa mimi."

Ilimchukua muda. Nilimwona anahesabu kwa vidole. Kisha uso ukamchanua.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekipandisha!"

"Baba!"

"Najua, najua. Nasema tu."

Binti akatoa kwenye mfuko nakala ya fomu, ile inayobaki nyumbani, akailaza juu ya meza ya kukatia. Pale kwenye sahihi ya mzazi, mama yake alikuwa ameandika kwa herufi ndogo ndogo, amejibana ukingoni kabisa mwa mstari.

"Tumekuachia nafasi," binti akasema.

Profesa akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akairudisha, akatafuta kalamu. Kabla hajaandika akainua kichwa.

"Nafasi ya ngapi?"

"Ya pili," mkewe akajibu. "Saini."