Kidole Chenye Binzari

Mume wangu Basavaraj ana shahada tatu za kemia, na kazi iliyomtoa kwetu Davanagere ikamleta hapa Pasadena, Texas, ni moja tu: kuzuia umanjano. Kiwanda chao hupika gundi ya kubandikia vioo vya simu. Gundi hiyo sharti iwe angavu kama maji ya kunywa. Ikiingia rangi hata kidogo, mnunuzi haitaki, na tani kumi na mbili zinakwenda kuchomwa moto. Miaka tisa amekuwa akichungulia chupa kwenye mwanga, na akirudi nyumbani anakagua hata mtindi wangu.

Sasa mtu kama huyo, niambieni, alikwendaje kupeleka binzari kiwandani?

Ilikuwa Jumanne, sikukuu yetu ya kuvipa heshima vifaa vya kazi. Siku hiyo cherehani haishoni wala kisu hakikati. Vinaoshwa, vinapakwa binzari na unga mwekundu, vinapewa ua na kupumzika. Mimi nilikwisha kupaka gari, pasi, mashine ya kusagia na kompyuta ya binti yetu Sinchana. Basavaraj alikuwa anafunga viatu aende kazini mama mkwe alipopiga simu kutoka Davanagere.

"Na lile sufuria la kazini kwake?" akauliza.

"Mama, lile ni tangi la ghorofa mbili," nikamwambia.

"Ndilo linalowalisha. Hata salamu mnalinyima?"

Basavaraj akacheka, akasema hayo ni mambo ya wazee. Kisha nikamwona anakunja binzari kidogo kwenye kipande cha gazeti na kuitia mfukoni. Nikajifanya sioni. Wanasema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nimeolewa na akili nyingi.

Jumatano jioni alirudi akakaa jikoni bila hata kuvua koti. Nilikuwa napiga mikate ya mtama. Akaniambia gundi ya jana imetoka ya manjano, sampuli zote mbili, na itachomwa Ijumaa. Na lawama imemwangukia Verlin, kwamba hakuosha tangi.

Verlin Guidry ndiye mwendesha tangi lao. Ana miaka ishirini na sita pale, na ndiye aliyemfundisha mume wangu bomba lipi linadanganya na lipi linasema kweli. Humwita "Dokta" kwa kejeli. Biringanya zangu anazila mpaka anakomba bakuli, halafu ananiambia, "Mama, nikifa leo, mwambie mke wangu ni wewe uliyeniua." Masika iliyopita alikwisha kupewa onyo moja. La pili lingemtoa kazini.

"Yeye anasemaje?" nikauliza.

"Asubuhi alisema aliosha. Mchana akasema anadhani aliosha."

Basavaraj akainuka. Akachukua sahani nyeupe, akaipaka binzari kwa kidole, akayeyusha magadi kwenye kijiko na kuidondoshea. Binzari ikageuka nyekundu. Hilo kila mwanamke wa kwetu aliyewahi kufua nguo yenye mchuzi analijua, nami nikamwangalia nisielewe anataka nini.

"Leo nimefanya hivi hivi kwenye chupa ya sampuli," akasema. "Nimetia tone moja la magadi makali ya maabara. Imekuwa nyekundu, Mama Sinchana. Imekuwa kama hii."

Ndipo akanieleza. Alipaka nukta moja nyuma ya mguu wa tangi, mahali pasipoonekana. Akapangusa kidole kwa leso, akazivuta glavu kwa mkono ule ule zikapakaa binzari kwa nje, akaenda kuchota sampuli zote mbili. Gundi ilikuwa safi. Iliyochafuka ni midomo ya chupa, kwa glavu zake.

"Basi nitawaambia kesho," akasema.

Kuingiza kitu kisichoruhusiwa kwenye eneo lile ni kufukuzwa. Akifukuzwa, kibali chetu cha kuishi hapa kinakufa na kazi yake, tuna siku sitini za kufunga mizigo, na karatasi zetu za ukaazi tumezisubiri miaka saba. Sinchana yuko mwaka wa mwisho wa shule. Nilimpenda Verlin, lakini sikumpenda kiasi hicho.

"Usiwaambie," nikasema. "Mwambie bosi wako achote sampuli upya, kwa mkono wake. Ikitoka safi, gundi imepona, Verlin amepona, na wewe umepona. Kosa litakuwa halipo tena."

"Na ukweli?"

"Ukweli utatulisha nini tukirudishwa?"

Akaichukua ile sahani akaiosha. Nilijiona nina akili kuliko shahada zake tatu, na siwafichi, nilijipongeza.

Alhamisi bosi wake, Rhonda Castleberry, alichota mwenyewe. Gundi angavu kabisa. Basavaraj akanipigia kunieleza, nami nikaingia jikoni kupika mikate ya dengu yenye sukari guru, ile tunayopika kwa furaha. Jioni hakuigusa.

"Rhonda amesema kama gundi ni safi, basi chupa zilikuwa chafu," akasema. "Na chupa anaosha Verlin. Wamemwita ofisini tangu saa nane."

"Akasemaje?"

"Sijui. Mlango ulikuwa umefungwa."

Nikakaa nikijaribu kuelewa ni wapi nilipokosea hesabu. Nilitaka kosa lifutike, na kumbe kosa likipokonywa mahali linatafuta pengine pa kukaa. Basavaraj akasema kesho anasema yote, liwe liwalo. Sikumkataza wala sikumruhusu. Hata leo sijui nilitaka afanye nini.

Ijumaa alisema. Rhonda alimsikiliza, kalamu hewani.

"Ulipaka kiungo cha mchuzi kwenye tangi langu?"

"Nililipa heshima, bosi. Siku yake ilikuwa."

"Tangi lina siku?"

Ana fomu ya kila aina ya kosa, mwanamke yule: kulala kazini, kuvuta sigara, kugombana. Alizipekua zote akakosa pa kuliandika hili. Mwisho akampa onyo la maandishi na kumwambia arudi kazini. Hivyo tu. Mambo niliyoyaogopa siku mbili yaliisha kwa karatasi moja.

Kisha Rhonda akatoa karatasi nyingine mezani. Ilikuwa ya Verlin. Alikuwa amekiri kwamba hakusuuza zile chupa, na ameomba kustaafu mapema, kabla hajaandikiwa onyo la pili.

"Sasa huyu alikiri nini?" Rhonda akamwuliza mume wangu.

Walimpigia Verlin arudi. Akawashukuru, akakataa. Basavaraj akaenda kwake Jumamosi. Wakapeana mikono, Verlin akamtania kidogo kuhusu glavu, na mazungumzo yakafa hapo. Jumapili nikaenda mimi, na mikate ya mtama kwenye kitambaa.

Alikuwa amekaa kibarazani. Akanivutia kiti.

"Mama, nikuulize," akasema. "Zile chupa, niliosha au sikuosha?"

"Uliosha."

"Maana nilikaa mbele ya Rhonda, nikafumba macho nikumbuke, nikajiona naziacha bila kuzisuuza. Nilijiona kabisa. Mkono wangu huu." Akautazama. "Na tangi pia, siku ya pili yake, nikaanza kujiona naliacha bila kuliosha. Ndiyo maana sirudi. Nitakuwa nafunga bomba, halafu narudi kutazama kama nimelifunga. Kule mtu wa hivyo huua wenzake."

Nikafungua kitambaa cha mikate. Alichukua mkate mmoja, akaumega, asiutie mdomoni.

"Dokta alijua lini kwamba ni kidole chake?"

Ningeweza kusema Ijumaa. Rhonda mwenyewe aliamini ni Ijumaa, na hakuna ambaye angenisuta.

"Jumatano jioni," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Akatikisa kichwa taratibu, na mkate ukabaki mkononi.

"Mimi nilitia sahihi karatasi yangu Alhamisi," akasema.