Birika la Msaragambo

Ngiri yangu imeshonwa mara mbili, na sina mpango wa kushonwa ya tatu.

Mara ya kwanza ilitokea kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, ikashonwa. Nilikuwa bado natembea nimejishika tumbo pembe ilipolia hapa Suji kutuita msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kwetu pembe ikilia hujiulizi kama umepona. Nilijitwika karai na wenzangu, na kabla maharage hayajakomaa uvimbe ulikuwa umerudi pale pale, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Mara ya pili daktari aliweka wavu ndani. Hakunidanganya. Alisema hata wavu unaweza kuachia, kwa hiyo nijilinde: nivae mkanda, nisiache kikohozi kikazoea kifua, nile mboga na kunywa maji nisije nikajikamua chooni. Uvimbe ukitokeza na kugoma kurudi nikilala, ukauma na nikatapika, niende hospitali saa hiyo hiyo.

"Na usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai," akamalizia.

Mwaka huu pembe ikalia tena. Mwenyekiti wa ndiva ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alinifuata uani.

"Shemeji, wewe pumzika tu. Tumeshakuhesabu mgonjwa."

"Na zamu yangu ya maji?"

Akaangalia migomba. "Si unajua utaratibu. Asiyetoka kwenda kazini anasubiri wenzake wamalize kumwagilia."

Naujua sana. Wenzangu wakimaliza, ndiva imebaki matope, na maharage yangu yamekauka yangali kwenye maua. Wanangu wako mbali, wa kumtuma sina. Nilikasirika. Kuitwa mgonjwa nimeshazoea. Kilichoniudhi ni yeye kudhani nina njia mbili tu, nipasuke au nikose maji.

Nikachukua birika.

Kule ndivani wanawake walicheka mpaka mmoja akakalia karai lake. Nilijaza tope kwa mkono, nikafunika, nikapanda nalo hadi ukingoni, nikamwaga, nikarudi.

"Shemeji, hiyo nayo ni kazi?" mwenyekiti akauliza.

"Hiki ndicho kipimo cha daktari. Nimetoka, na tope nabeba. Utaratibu unasema lazima karai?"

Akarudi kwenye karai lake. Utaratibu hausemi karai, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kitu kingine. Tumbo likivuta nilikaa jiweni bila kumwomba mtu radhi, kisha nikaendelea. Pembe ya kumaliza ilipolia, vicheko vilikuwa vimekwisha, na jirani yangu anayesumbuliwa na mgongo alikuwa ameniuliza birika lile nililinunua wapi.

Maji yalipofunguliwa, zamu yangu ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Nilisimama shambani, mkono juu ya mkanda, nikayaangalia yakiingia kwenye matuta. Niliona raha ambayo sijui niieleze vipi.

Uvimbe haujatokeza. Ukitokeza, njia ya hospitali naijua. Chai siku hizi naichemshia kwenye sufuria. Birika nimelitundika karibu na jembe, linasubiri pembe.