Si Kisu Kilichoisambaza

Fundi makochi alikuwa mwanamke wa maneno machache na nyundo nzito. Mwaka mmoja baada ya kukatwa titi alianza kuumwa nyonga, akadhani ni kuinama kwingi. Picha ikaonyesha saratani imeingia mfupani.

Nyumbani, kaka yake mkubwa akatoa hukumu: uvimbe ukiguswa na kisu husambaa, yeye alisema tangu mwanzo. Mkubwa hajambi, kwa hiyo ndugu wakaitikia kwa vichwa. Fundi akayameza. Lakini wiki hiyohiyo mdogo wao wa mwisho, muuza vitambaa, akamnong'oneza jikoni kwamba naye ana uvimbe titini, na hakatwi ng'o, kaka ameshasema.

Hilo halikumezeka. Fundi aliwapeleka wote wawili, kaka na mdogo, kwa daktari wake, akamwomba awaeleze ugonjwa huu unavyohama, bila kuwafunika kwa maneno makubwa.

Daktari akasema seli za mwili hushikana na jirani zake. Ya saratani huachia, ikamwaga kitu cha kuyeyusha utando unaoizuia, ikajipenyeza kwenye mshipa wa damu. Nyingi hufia njiani. Chache hutua mbali, hata mfupani, zikalala kimya, kisha zikaamka. Za fundi ziliondoka kabla kisu hakijamgusa. Uvimbe ukiachwa ndipo zinapozidi kupata nafasi ya kutoka.

Kaka alisema madaktari nao hukosea. Daktari akakubali, ila si kwa hili.

Fundi akamgeukia. "Kaka, nakuheshimu. Lakini mwili wa huyu si kikao cha ukoo. Mimi nilichelewa. Yeye hachelewi nikiwa hai."

Mdogo alilia kidogo, kisha akauliza aje lini.

Alikatwa, na tezi za kwapani zikakutwa safi, saratani haijafika huko. Kaka hakutokea siku ile. Alikuja kesho yake na machungwa, akaongea habari za mvua, akamenya yote mwenyewe.

Fundi hakupona. Dawa zinaushikilia mfupa, basi. Anatembea kwa fimbo, na ameishusha meza yake ya kazi ili apigilie misumari akiwa amekaa. Juzi mteja alimshauri kwa huruma aache, apumzike.

"Nitapumzika nikishindwa," akamjibu, misumari mdomoni. "Kochi lako njoo uchukue Ijumaa, na uje na mtu wa kubeba."