Tumbo Linalohamisha Kijiji

Juma lililopita, foleni yetu katika kituo cha afya cha kijiji cha Kibua ilikwamishwa na tumbo la mama mmoja mkulima. Limemsumbua tangu vita vianze.

"Muganga, nikiogopa kidogo, tumbo inanguruma. Nipe dawa, nilale."

Muuguzi alimweleza taratibu kwamba tumbo na ubongo huzungumza. Ugonjwa wa tumbo ukidumu, mazungumzo hayo hubadilika, kichwa kikazoea kukesha hata pasipo hatari.

Majirani waliomsindikiza walishtuka. Mmoja akafunika vidonge vilivyokuwa mezani kwa kofia yake.

"Papa Muganga, usimuponyeshe. Radio inasemaka amani, tumbo yake inasemaka mukimbie. Sisi tunafuataka tumbo."

"Na mimi nitalala lini?" mama akauliza.

"Vita ikiisha, Mama."

Muuguzi alicheka, akaisogeza kofia, akampa vidonge. Mama akaviangalia, kisha akashika tumbo kwa mikono miwili. Likanguruma, foleni nzima tukalisikia.

Nilipogeuka, muuguzi alikuwa anafunga sanduku la dawa kwa kamba.

Mimi naiamini sayansi. Siku ile niliiamini nikiwa mbioni, nyuma ya mama huyo, aliyekuwa akimeza vidonge vyake bila maji.