Kiti cha Bibi Kwenye Landrova

Nilipima juu ya magunia. Naliandika hilo kwanza kwa sababu nilikaa nalo siku mbili bila kumwambia mtu.

Landrova ya baba ni ya zamani. Inabeba kahawa na mahindi, na nyuma ina mabenchi mawili ya kukunja yanayotazamana. Bibi, mama yake baba, aliumia nyonga alipoanguka shambani, na tangu hapo hawezi kukaa kiubavu kwenye zile kona za kushuka ziwani. Mdogo wake wa pekee aliolewa huko ziwani, Mbamba Bay. Hawajaonana tangu siku ya kuanguka. Ndipo baba akasema atatafuta kiti cha nyuma cha gari la Noah kwa wauza vipuri Mbinga mjini, akifunge kitazame mbele, Jumamosi Bibi ashuke.

"Wewe si unasoma hesabu?" akaniambia. "Nipimie nafasi."

Sakafu ilikuwa imejaa magunia ya mahindi. Wapakiaji wawili walikuwa wamepumzika pembeni wakitaniana, na kuliko kuwaomba wasogeze magunia niliona heri nimeze tepu. Ndivyo nilivyo. Hata darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, basi. Nikapanda juu ya magunia, nikapima ukuta hadi ukuta, nikamwandikia baba kwenye karatasi, naye akampelekea fundi.

Kiti kikaja Alhamisi, cha kijivu, kimejaa maganda ya karanga kwenye mikunjo. Nilikisugua kwa sabuni mpaka chini.

Ijumaa fundi akaja na mashine yake ya kuchomelea. Magunia yalikuwa yameshushwa, na hapo nikaona nilichokisahau: ile migongo miwili ya chuma inayofunika matairi, mmoja kila upande. Kiti kikakalia migongo hiyo, miguu yake ikabaki hewani.

"Tukikiacha huku juu, bibi atagonga paa," fundi akasema.

"Si ulisema kitaenea?" Baba alimuuliza fundi, ameshakasirika.

"Mzee, ilisema karatasi. Kwa karatasi ile, hata ng'ombe angeenea."

"Basi uliisoma vibaya. Ziwani tutaenda baada ya msimu wa kahawa."

Bibi alikuwa mlangoni na furushi lake, amelifunga tangu asubuhi. Alilegeza fundo, akatoa kitenge kipya alichomnunulia mdogo wake, akaanza kukikunja ili akirudishe sandukuni.

Nilimtazama akikunja. Kisha nikasikia sauti yangu. "Baba, fundi hana kosa. Nilipima juu ya magunia. Niliona aibu kuomba yasogezwe."

Fundi akaangua kicheko. "Kumbe injinia ndiye huyu! Haya, shuka upime chini."

Nikapima mgongo hadi mgongo. Nafasi haikutosha kiti kizima. Lakini kiti nilikiosha mimi, nilijua chini yake kulikoje. "Fundi, kimeungwa," nikasema. "Ni viti viwili. Kuna nondo katikati na bolti nne."

Akakipindua, akainama, akapiga mluzi.

Saa kumi jioni, nusu moja ya kiti ilikuwa imesimama katikati ya migongo. Benchi la kushoto lilitolewa, na chini ya sakafu fundi akaweka bamba nene la chuma ili bolti zisichomoke njiani. Nusu nyingine tukaiweka sebuleni. Baba alimwomba fundi radhi, kwa sauti ndogo, lakini nilisikia. Bibi alipovishwa mkanda aligoma: "Mnanifunga kama mbuzi wa sikukuu?"

Jumamosi nilikaa benchi la kulia, kando yake. Nyuma ya kiti tulikuwa na gunia moja la mahindi ya mdogo wake. Kwenye kona Bibi alishika mkono wa kiti, akatulia. Ziwa lilipotokea mbele, kupitia kioo cha dereva, alinifinya goti.

"Mke mwenzangu, miaka yote nashuka huku nikitazama magoti ya watu. Kumbe linaonekana tangu huku juu!"

Mbamba Bay, mdogo wake alitoka mbio, mikono ina magamba ya samaki. Nikamwamkia. Bibi alikataa kushuka. "Panda kwanza uone kiti changu." Akapanda, akakalia benchi langu, wakaanza Kimatengo cha haraka haraka, wanalia, wanacheka. Kitenge kikafunguliwa hapo hapo.

"Nani kakutengenezea?"

"Fundi na huyu. Huyu alianza kwa kukosea."

"Na cha kunipandisha mimi Mbinga kiko wapi?"

Baba alifungua mdomo, mimi nikamtangulia. "Kipo, Bibi. Kiko sebuleni."

Tepu ilikuwa mfukoni mwa sketi. Nyuma ya kiti kulionekana kama kuna nafasi ya ile nusu nyingine, ila gunia lilikuwa limelala hapo hapo.

"Baba," nikasema, "naomba unisaidie kusogeza hili gunia."